Seti ya vitabu 23 vya Beatrix Potter: ununue toleo lipi, uanze na namba ngapi

Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji Mwingereza wa hadithi za watoto, alifariki Desemba 1943, na hakimiliki ya kazi zake ikaisha Uingereza mwishoni mwa 2013. Tangu hapo yeyote mwenye mashine anaweza kumchapa sungura wake maarufu, Peter Rabbit, na wengi wanamchapa ovyo. Seti tunayoipitia hapa ni ya Frederick Warne, wachapishaji wake tangu 1902: vitabu 23 vidogo vya jalada gumu jeupe, vimepangwa ndani ya boksi moja.

Kitabu kimoja kina kimo cha sentimita 14 na ushee, na upana wa kama 11. Udogo huo si ubahili wa mchapishaji. Hadithi ya kwanza, ya Peter Rabbit, ilianza kama barua ya mwaka 1893 kwa mtoto mgonjwa, Noel Moore. Wachapishaji walipoikataa, Potter alichapa nakala 250 kwa fedha zake Desemba 1901, naye ndiye aliyeng'ang'ania kitabu kiwe kidogo, cha kutosha mikono ya mtoto, na cha bei nafuu. Warne walipokitoa mwaka uliofuata, walikifuata kipimo hicho.

Cha kukagua kwanza ni mpangilio wa kurasa, maana hapo ndipo matoleo ya bei chee yanapoanguka. Potter aliweka maneno machache upande mmoja na picha upande wa pili, akajua mtoto atafunua lini. Peter amenaswa kwenye wavu kwa vifungo vya koti lake jipya, Bwana McGregor, mwenye bustani, anakuja na chekeche amfunike. Sungura anachopoka, koti linabaki. Kila hatua ina picha yake. Toleo linalorundika picha tatu kwenye ukurasa mmoja humwonyesha mtoto kwamba Peter amepona kabla hujamsomea kwamba amenaswa. Vitabu vikubwa vinavyokusanya hadithi zote pamoja navyo vina kasoro hiyo, tena ni vizito kumshikia mtoto kitandani.

Picha nazo zina historia. Mwaka 1903 nne ziliondolewa kwenye Peter Rabbit ili kupata nafasi ya kurasa za rangi za mwanzo na mwisho wa kitabu. Mwaka 2002, kwa miaka mia ya kitabu, Warne walizirudisha, wakaongeza mbili ambazo Potter alikuwa ameziandaa zikawekwa akiba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta picha ya Bi McGregor akiandaa pai, ile ambayo baba yake Peter aliishia ndani yake. Isipokuwemo, unauziwa nakala ya toleo la zamani.

Usimsomee mtoto kwa kufuata namba za mgongoni. Namba hizo zinafuata mwaka wa kutoka kwa sehemu tu: vitabu vilivyotoka awali kwa umbo tofauti vilisukumwa mwishoni. Namba 20 na 21, za sungura mkorofi na paka Miss Moppet, ni za 1906 sawa na namba 7, na ndizo fupi na rahisi kuliko zote. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aanzie hapo. Ukoo wa Peter usomwe 1, 4, 10, kisha 14. Paka Tom Kitten ni 8 halafu 16. Namba 9, ya bata Jemima anayetumwa na mbweha akachume majani ya kumpikia yeye mwenyewe bila kujua, inasimama peke yake, na kwetu ni bora kuliko ile maarufu ya Peter. Mtoto aliyezoea sungura mjanja wa hadithi zetu atashangaa kidogo: huku sungura ndiye mzembe.

Namba 14 na 16 zisubiri miaka sita au saba. Katika ya kwanza watoto wa sungura wanaibwa na kufungiwa ndani ya oveni. Katika ya pili panya wanamviringisha Tom kwenye unga uliokandwa wampike. Potter hapunguzi makali, na watoto wakubwa humpendea hilo.

Si vyote 23 vina uzito sawa. Namba 22, ya mashairi, ilikusanywa 1917 kutoka michoro ya zamani wakati kampuni ya Warne iko taabani, baada ya Harold Warne, mmoja wa wenye kampuni, kukamatwa kwa kughushi. Inaonekana ni viporo. Namba 19, ya nguruwe Robinson, ilitoka 1930. Maneno ni mengi, picha za rangi chache, na mtoto mdogo huchoka njiani.

Upande wa matunzo, jalada jeupe linaonyesha kila alama ya kidole. Boksi likibana, usivute kitabu kwa ncha ya juu ya mgongo, ndipo kinapochanika; sukuma viwili vya pembeni ndani kidogo, kisha shika cha katikati ubavuni. Kwa walio pwani, kaa mbali na ukuta wenye unyevu, hasa masika, kwani kurasa laini za picha zikilowa hunatana.

Kama bajeti hairuhusu seti nzima, Warne huuza kimoja kimoja pia. Chukua namba 1, 4, 9 na 21.