Dirisha la paa linavujisha: uzi wa nailoni au upepo wa kompresa?

Ukikuta zulia la gari limelowa baada ya mvua, usikimbilie kununua mpira mpya wa dirisha la paa. Mpira ule haukuundwa kuzuia maji yote. Mengine hupita, yakaingia kwenye kijia cha fremu na kushuka kwa mirija, mara nyingi minne, kila pembe mmoja. Mrija ukiziba, maji hufurika ndani.

Kompresa ina raha ya haraka: puu, umemaliza. Shida ni kwamba presha kubwa huweza kuchomoa mrija kwenye kiungio chake, huko juu ya dari usikoona. Hapo umetoka kwenye kuziba ukaingia kwenye kubomoa dari. Ukitumia upepo huo, punguza presha, na upulize kutoka chini kwenda juu ili uchafu utokee ulikoingilia.

Mimi huanza na uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi. Choma ncha kidogo kwa kiberiti iwe duara, usije ukatoboa mrija (waya mgumu ndio hutoboa). Sukuma polepole huku ukizungusha. Ukikwama, rudisha nyuma kidogo, kisha sukuma tena. Utatoka na tope jeusi la majani yaliyooza.

Halafu mimina nusu kikombe cha maji kwenye pembe ile. Yakichuruzika chini ya gari mara moja, njia iko wazi. Yakisitasita, kagua kipira cha mwisho wa mrija, kwani hushika matope.