Brooklyn ya 2015, muvi iliyonirudisha siku niliyoondoka nyumbani

Jana usiku nimeangalia Brooklyn mara ya pili na bado sijakaa sawa. Mara ya kwanza niliiangalia kabla sijasafiri nikaona ni muvi ya mapenzi tu, mdada na wanaume wawili basi, ila sasa hivi nina miaka mitatu hapa Columbus, Marekani, na mama yuko Tanga, ndo nimeielewa.

Stori ni ya miaka ya 50 mwanzoni. Eilis (Saoirse Ronan, kaigiza huyu dada jamani!) anatoka mji mdogo wa Enniscorthy huko Ayalandi, kazi ya maana hamna, dada yake Rose anaongea na padri aliyeko Brooklyn, New York, padri anamtafutia kazi kwenye duka kubwa na chumba kwa Mrs Kehoe, mama mwenye nyumba ya kupangisha wadada, huyo anapanda meli. Usiku wa kwanza kwenye meli anaumwa tumbo vibaya, choo wanachoshea na chumba cha jirani kimefungwa kwa ndani, inabidi amalizie kwenye ndoo. Mimi hapo nilijiona kabisa, safari unaagwa kwa vigelegele afu mateso yake unayakuta peke yako.

Sasa kuna sini ya Krismasi. Padri anawapikia wazee wa Kiayalandi, wale waliojenga madaraja na mahandaki ya huko afu wakazeekea hapohapo bila mtu, mzee mmoja anasimama anaimba kwa lugha ya kwao, sikuelewa hata neno moja ila machozi yalinitoka tu, maana huku nao wapo wazee wetu wa hivyo, kila mwaka anasema mwakani narudi.

Halafu Rose anafariki ghafla na Eilis hawezi kuwahi mazishi, anaishia kuongea na mama yake kwa simu. Nikaistopisha kwanza. Baba yangu amezikwa mimi niko huku, nimeangalia mazishi kwa videokoli inayokatakata, nasikia watu wanalia sioni kaburi.

Kitu ambacho sikukipenda, maisha yenyewe yamelainishwa mno. Eilis analipiwa na padri masomo ya uhasibu ya usiku Brooklyn College, Tony mpenzi wake wa huko, yule fundi bomba wa Kiitaliano, ni mpole toka siku ya kwanza, anakosana na nani? Wengi wetu hatukumkuta padri wa kutulipia ada. Na kuhusu ile ndoa ya siri aliyofunga na Tony kabla ya kurudi kwao, nilimkasirikia sana, yule Jim (Domhnall Gleeson) anayempenda huko Enniscorthy ni mtu mzuri na hakustahili kufichwa, ila pia namwelewa, ukirudi nyumbani ukakuta kazi ipo na watu wanakuheshimu, kule ulikotoka panageuka kama ndoto.

Kama hujaiangalia ishia hapa. Mwishoni anamwambia mama yake kwamba ameolewa. Mama hapigi kelele, anauliza tu kama huyo mwanaume ni mtu mzuri, afu anasema anaenda kulala na anataka kumuaga sasa hivi, mara moja tu, asubuhi hatoamka kumsindikiza. Mama yangu naye hakuja uwanja wa ndege, alisema ana nguo za kufua.