Ununue Rose yupi? Rekodi za Gypsy zapimwa kwa kigugumizi kimoja

Lalamiko la wapenzi wa tamthilia za muziki halibadiliki: mtu ameagiza rekodi ya Gypsy, tamthilia ya Marekani kuhusu Rose, mama anayetaka kuwafanya binti zake nyota, amelipia usafiri na ushuru, amesubiri wiki kadhaa, anafungua kasha anakuta Rose asiye yule aliyemtaka. Tangu mchezo huu ufunguliwe Broadway, mtaa wa maigizo wa New York, tarehe 21 Mei 1959, Rose amechezwa na Ethel Merman, Angela Lansbury, Tyne Daly, Bernadette Peters, Patti LuPone, Imelda Staunton na Audra McDonald. Kila mmoja ana rekodi yake, na kila jalada lina neno lilelile kubwa: Gypsy.

Nani ana sauti kubwa, nani ana sauti tamu, hilo utalisikia mwenyewe ndani ya dakika moja. Kinachopuuzwa na wanunuzi kiko mwishoni kabisa, katikati ya wimbo wa "Rose's Turn". Rose amewasukuma wanawe jukwaani maisha yao yote. June ametoroka na kuolewa, Louise amekuwa nyota wa kuvua nguo kwa jina la Gypsy Rose Lee, na wote wawili hawamhitaji mama tena. Amebaki peke yake kwenye jukwaa tupu, anaimba na kujisifu, mpaka anapofika kwenye maneno ya kuwaachilia wanawe. Hapo neno "mama" linamkwama kinywani. Anagugumia, anarudia, anakwama tena. Akili inakataa kile ambacho ulimi unataka kusema.

Mwigizaji akikiimba kigugumizi hicho kama pambo la mdundo, umenunua nyimbo nzuri tu. Akikikosa, kilio cha "kwa nini nilifanya haya yote" kinachofuata hakina mzizi. Stephen Sondheim, aliyetunga maneno juu ya muziki wa Jule Styne, alisimulia kwamba alipomweleza Merman, Rose wa kwanza, kuwa hapo Rose anavunjika, Merman aliuliza tu kama neno linaingia kwenye mdundo au kabla yake.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza ni Imelda Staunton, na wa pili yuko mbali naye. Onyesho lake lilianzia mji wa Chichester, Uingereza, mwaka 2014, likahamia Savoy Theatre, London, mwaka 2015 chini ya mwongozaji Jonathan Kent, na likampa Olivier, tuzo kuu ya maigizo ya London. Usinunue sauti peke yake. Nunua picha, kwa sababu onyesho lilirekodiwa jukwaani na kurushwa na BBC Desemba 2015. Staunton hakichezi kigugumizi kwa koo tu. Unaona taya likigoma na macho yakitafuta pa kushika kabla neno halijatoka. Sauti yake ina mikwaruzo kwenye noti za juu, na wapo wanaomlaumu kwa hilo. Lakini Rose hajawahi kuwa mwimbaji, ni mama anayejiona angekuwa nyota, na mikwaruzo hiyo inamfaa.

Hapa ndipo pesa za watu wengi hupotea. DVD zina kanda, yaani maeneo ya dunia ambayo diski imeruhusiwa kucheza: Tanzania na Kenya ziko kanda ya 5, Uingereza na nchi za Ghuba kanda ya 2, Marekani kanda ya 1. Kwa Blu-ray, Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati ziko kanda B, Marekani iko A. Diski ya Marekani kwenye deki iliyofungwa kanda haitacheza hata uisafishe vipi. Mwombe muuzaji picha ya nyuma ya kasha, uone namba au herufi hiyo ndani ya alama yake ndogo. Akikujibu "inacheza kila mahali" bila picha, achana naye.

Wa pili ni Angela Lansbury. Alicheza London mwaka 1973, kisha Broadway mwaka 1974, akashinda Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway. Arthur Laurents, mwandishi wa mchezo aliyeongoza uigizaji huo, alimfanya Rose aendelee kuinama kushukuru watazamaji hata baada ya makofi kukoma, ndipo ukumbi ukatambua kwamba makofi hayo yalikuwa kichwani mwake. Sauti peke yake haiwezi kukupa tendo hilo, na ni hasara kubwa. Hata hivyo Lansbury anatamka kila neno la kuvunjika kwake kwa uwazi unaoumiza. Unapoagiza, tafuta rekodi ya waigizaji wa London ya kampuni ya RCA, maana ukitafuta kwa jina la Broadway utaletewa nyingine.

LuPone, wa mwaka 2008, ni wa tatu. Kigugumizi chake ni hasira kuliko kuvunjika, na kinatisha. Alipata Tony, na Laura Benanti aliyecheza Louise na Boyd Gaines aliyecheza Herbie, mpenzi wa Rose, wakapata pia. Hilo linasikika, kwa kuwa watu wanaomzunguka Rose ni wazima hapa kuliko kwenye rekodi nyingine. CD hiyo ina pia nyimbo zilizokatwa kabla ya mwaka 1959, nyongeza yenye thamani kwa anayefuatilia jinsi mchezo ulivyojengwa.

Merman ni wa nne kwenye kipimo hiki, ingawa bila yeye pasingekuwa na mchezo. Anayemtaka kwenye santuri ajue kusoma lebo. Toleo la kwanza la kampuni ya Columbia ni OL 5420 kwa mono na OS 2017 kwa stereo, na lebo yake ina alama sita za jicho, tatu kila upande. Chapa za baadaye zina lebo tofauti lakini jalada lilelile, na wauzaji wa mtumba huzipandisha bei kwa neno "original" hali wakijua vizuri wanachouza. Mnunuzi wa Mombasa au Muscat hawezi kuirudisha bila kulipa usafiri mara ya pili, nao wanalitegemea hilo. Huo ni wizi. Dai picha ya lebo ya katikati, siyo ya jalada.

Audra McDonald, Majestic Theatre 2024, ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza kumcheza Rose Broadway. Soprano yake, sauti ya juu ya kike iliyofunzwa kwenye chuo cha muziki cha Juilliard, imewagawa watu. Kwenye kigugumizi ni mkweli kabisa, ila uzuri wa noti zinazofuata unaponya jeraha mapema mno. Peters, wa 2003, ni Rose mdogo wa umbo na mwenye mvuto, anayependeza zaidi kwenye nyimbo za kubembeleza. Daly alishinda Tony mwaka 1990 kwa uigizaji ambao CD inauficha, maana linalobaki ni koo lililokwaruzika.

Za bei rahisi ni filamu ya 1962 na ile ya televisheni ya 1993 ya Bette Midler. Ya Midler inatazamika. Kwenye ya 1962, sehemu kubwa ya uimbaji wa Rosalind Russell ni sauti ya Lisa Kirk, kwa hiyo kwa kulinganisha waigizaji haikufai.