Uzoefu wangu: nilichofanya baada ya masomo ya kikundi ya kuteleza kwenye barafu kuisha

Nina miaka 41, nimezaliwa Likoni, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee zamu ya usiku katika kituo kimoja nje ya Minneapolis. Barafu niliikanyaga mara ya kwanza Nairobi, kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, nikiwa nimeng'ang'ania ukuta saa nzima. Huku Minnesota nikaona niache kuogopa kitu ambacho majirani zangu wote wanakijua tangu chekechea.

Viwanja vingi vya Marekani hufundisha kwa mtaala wa Learn to Skate USA. Watu wazima wana ngazi zao 6, kuanzia kuanguka na kuinuka hadi kwenda kinyumenyume huku ukipishanisha miguu. Nilisoma kwa awamu za wiki 8, nusu saa kila wiki, saa kumi na mbili jioni kabla ya zamu. Masomo yale nayapa nyota nne kati ya tano bila kusita: bei ya kawaida, wenzangu wacheshi, na hakuna anayemcheka mwenziwe kwa kuwa zamu yake ya kuanguka iko njiani.

Shida ilikuja nilipopewa cheti cha ngazi ya 6. Darasa linalofuata ni la kuruka na kuzunguka, na siku niliyochungulia nikakuta watoto wa miaka tisa wakiruka kama panzi. Nikarudi nyumbani. Majira yote ya baridi yaliyofuata nikawa naenda saa za watu wote, nazunguka uwanja pamoja na vijana wanaopigana picha, na sikusogea hata hatua moja. Mama aliponiuliza kwenye simu naendeleaje, nikamwambia goti limevimba. Akasema, "Mwanangu, Likoni yote hii imekosa pa kuangukia mpaka uvuke bahari?"

Kilichonitoa pale ni viatu, na nitavizungumzia kwa urefu kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza hela. Jozi yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni, nyeupe, ya kupendeza, dola 70, saizi ileile ya raba zangu. Makosa mawili kwa pigo moja. Kiatu cha barafu cha mchezo huu kwa kawaida huwa saizi moja au moja na nusu chini ya kiatu cha mtaani, na shingo yake lazima iwe ngumu. Changu kilikunjika kifundoni kama soksi, na kisigino kikawa kinacheza ndani. Nikajilaumu kwamba vifundo vyangu ni dhaifu, kumbe vifundo ni vizima.

Mwishowe nikaenda kwa fundi wa viatu hivi. Alinipima miguu yote miwili nikiwa nimesimama, akanivalisha jozi nne, kisha ile tuliyoichagua akaitia kwenye joto na kunikalisha nayo ikiwa bado ya moto ili ifuate umbo la mguu. Nilichukua viatu vya kampuni ya Riedell, ambavyo hutengenezwa mji wa Red Wing, mwendo wa kama saa moja kutoka hapa. Dola 300 na ushei pamoja na vyuma vyake. Wiki mbili za kwanza niliuma meno. Wiki ya tatu nikateleza kwa mguu mmoja kutoka mstari mmoja hadi mwingine, nikajikuta nacheka peke yangu.

Kuhusu kunoa: chini ya chuma kuna mfereji mwembamba, na mfereji huo ndio unaozaa kingo mbili, wa ndani na wa nje. Upana wote ni kama milimita 4 tu. Niliwahi kupeleka vyangu duka moja la karibu lililozoea viatu vya hoki, wakavirudisha wakiwa wamelisaga lile jino kubwa lililo kwenye ncha ya mbele ya chuma. Halirudi hilo. Uliza kwanza kama wananoa vya kuchezea dansi na kuruka, na wakijibu kwa kubabaika, ondoka.

Halafu mwalimu wa binafsi. Dakika 20 kwa wiki, dola 25. Nilidhani ni anasa ya watu wenye watoto wa kupeleka mashindanoni. Siku ya kwanza akaniambia niteleze kwenye duara kwa mguu mmoja, akatazama alama kwenye barafu, akanionyesha: mistari miwili sambamba. Maana yake nilikuwa nimesimama juu ya kingo zote mbili kwa pamoja, sijaegemea popote. Ngazi 6 nimemaliza, vyeti ninavyo, na sina ukingo! Katika darasa la watu 10 mwalimu hapati nafasi ya kuona hilo, simlaumu.

Miezi mitano tulihangaika na kitu kimoja kiitwacho mgeuko wa tatu. Unaanza kwenda mbele kwa ukingo wa nje, unageuka juu ya mguu uleule, unamalizia kinyumenyume kwa ukingo wa ndani, na alama inayobaki ni tarakimu 3. Mabega hutangulia, nyonga hufuata, na uzito husogea mbele kidogo wakati wa kugeuka. Chuma chenyewe kimepinda kidogo kama tumbo la ngalawa, kwa hiyo ukiupata ule upinde, kinageuka chenyewe. Ukikaza goti kwa hofu, unakaa chini. Mguu wa kulia ulikubali baada ya wiki tatu. Wa kushoto ulinisumbua tangu Februari hadi Juni, na bado siku nikiwa nimechoka unanikana.

Jambo jingine lililosaidia ni kuhamia saa za mazoezi ya wachezaji. Ghali zaidi, dola 14, lakini saa tatu asubuhi nikitoka kazini tunakuwa watu sita. Adabu yake ni moja: ambaye muziki wake unapigwa, mpishe. Niliogopa kuwa kizuizi, kumbe wale mabinti wanajua kukwepa kuliko bodaboda wa Likoni. Nenda mara mbili kwa wiki na orodha ya vitu vitatu vya kufanyia mazoezi, si zaidi. Mimi naandika yangu mkononi kwa kalamu.

Umri? Katika kundi letu la asubuhi yuko bibi wa miaka 60 na kitu anayejiandaa kwa mashindano ya taifa ya watu wazima, ambayo Marekani inayo tangu 1995. Anazunguka taratibu, mikono yake mizuri kuliko ya watoto.

Kwa jumla sasa naona kiatu kilistahili kuja kabla ya ngazi ya 3, na mwalimu wa binafsi kabla ya 6, hata kama ni mara mbili kwa mwezi. Ningeokoa karibu mwaka mzima.

Wiki iliyopita kocha amesema turuke, ruko dogo la nusu mzunguko ambalo ni miongoni mwa yale watoto huanza nayo. Sijamwambia Mama. Nimeshanunua kaptula yenye sifongo nyuma, inakuja Jumatano.