Linux Mint kwenye laptopu ya okazio: angalia printa kwanza

Nilichojaribu ni Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo jepesi la Xfce, kwenye ThinkPad T440 yenye RAM ya GB 4. Ni aina ya laptopu iliyotumika Ubelgiji ikaja kuuzwa hapa Lubumbashi na Windows 10 ndani. Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali mashine hii rasmi: inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. T440 ina ya kizazi cha 4. Mint 22 itahudumiwa hadi 2029.

Ushauri wangu ni kuhama, lakini anza kuangalia kilichochomekwa kwenye kompyuta, na watu unaobadilishana nao faili. Mfumo wenyewe hausumbui sana.

Printa ndiyo inayoamua nyumba nyingi. Za HP zinatambuliwa kwa kuwa programu ya HPLIP imo tayari, ila LaserJet P1102 ina ujanja wake: inadai kijalizo kinachoshushwa kwa intaneti kwa amri ya `hp-plugin`. Bila hicho utaiona kwenye orodha, utatuma karatasi, na hakuna kitakachotoka. Canon LBP2900 ni shida zaidi, inatumia lugha yake yenyewe iitwayo CAPT, na kuifanya ichape kwenye Linux ni kazi ya kukesha. Mwenye hiyo, na anayechapa kila siku, abaki na Windows au auze printa.

Programu nazo zina ukuta wao. AutoCAD, ya kuchorea ramani za majengo, haina toleo la Linux. Faili ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani yake) inaweza kufunguka kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, na makro zake zikagoma, kwa hiyo kama hesabu za kazini zinategemea faili ya namna hiyo, usihame leo. QGIS, ya ramani za kijiografia, iko vilevile pande zote mbili, na WhatsApp inatumika ndani ya Firefox.

Barua za Word zinafunguka vizuri, lakini mistari inaweza kuruka kwa sababu Mint haina fonti za Calibri na Cambria. Weka mbadala wenye vipimo vilevile, kwa kuandika hivi kwenye Terminal, dirisha la amri la Mint:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Na kabla ya kwenda kuchapisha kwenye sekretaria ya mtaani, hifadhi kazi yako kama PDF. Wao wanafungua kwa Word, na jedwali lililokaa sawa kwako linaweza kumwagika kwao.

Kujaribu hakuharibu kitu. Faili ya kusimika inakaribia GB 3, kwa hiyo ukiweza ichukue kwa mtu aliyekwisha kuishusha, usimalize forfe yako ya intaneti. Ukishaipata, ihakiki ukiwa bado kwenye Windows, katika dirisha lake la amri (cmd), ndani ya folda yenye faili hiyo:

`certutil -hashfile linuxmint-22-xfce-64bit.iso SHA256`

Linganisha namba inayotokea na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Ikitofautiana hata herufi moja, faili imeharibika njiani au si ile ya asili, usiitumie. Iandike kwa Rufus, programu ndogo ya Windows, kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Flashi za bei ya kutupa huandikwa GB 64 juu na ndani hazina, hizo zitakwamia katikati. Washa mashine ukibonyeza F12 (Dell na ThinkPad), au Esc kisha F9 kwa HP. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kaa nayo siku mbili tatu: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa, na kulaza laptopu kwa kufunga kifuniko. Wi-Fi ya Intel haina neno. Baadhi ya Dell zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom isiyoamka. Hapo unganisha simu kwa waya wa USB, shiriki intaneti, kisha fungua «Gestionnaire de pilotes» usimike kiendeshi cha kadi hiyo.

Sasa kibodi, jambo linalowaliza watu hapa zaidi ya lolote. Ukichagua Kifaransa, kisimikaji hukupa AZERTY (mpangilio wa vitufe vya Kifaransa) ya Ufaransa, na laptopu nyingi za kwetu zina ya Ubelgiji. Tazama kitufe cha 6: kikiwa na § ni ya Ubelgiji, kikiwa na kistari ni ya Ufaransa. Kitufe cha 8 Ubelgiji kinatoa !, Ufaransa kinatoa _. Alama ya @ ni AltGr na 2 kwenye ya Ubelgiji, AltGr na 0 kwenye ya Ufaransa. Mtu anaweka neno la siri lenye ! kwa mpangilio mmoja, anabadilisha kibodi baadaye, kisha analaumu Linux kuwa imemfungia nje. Kwenye ukurasa wa kibodi kuna kisanduku cha majaribio. Andika humo neno lako la siri lote uone linavyotokea.

Ukibaki na Windows kando, izimie kwanza usingizi wake kwa `powercfg /h off`, ukiendesha kama msimamizi. Bila hivyo Mint inaweza kukufungulia diski ya Windows kwa kusoma tu. Kama BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, imewashwa, nakili ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Uvivu wa diski ya kuzunguka hauponywi na mfumo wowote. SSD, diski isiyozunguka na ya haraka, ya inchi 2.5 yenye unene wa mm 7 inaingia kwenye T440 bila kulazimisha, na RAM inayoongezwa ni DDR3L, ile iliyoandikwa PC3L. T440 ina betri ya pili ndani, izime kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) kabla ya kufungua kifuniko. Fedha yangu ningeiweka hapa kabla ya kufikiria mashine nyingine.

Umeme ukikatika wakati betri imekufa na masasisho yako katikati, mfumo utakataa kusimika kitu kingine. Si maafa, andika kwenye Terminal:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Mara nyingi hizo zinatosha. Kinachonifurahisha ni kwamba Mint inaonyesha orodha ya masasisho na ukubwa wake, kisha inangoja ubonyeze. Utachagua usiku wa forfe nafuu. Timeshift, programu ya kurudisha mfumo ulivyokuwa, nayo iwashwe, lakini inahifadhi mfumo, si nyaraka zako. Picha na barua nakili kwenye diski ya nje.

Flashi zinazotoka sekretaria huja na virusi, folda zikiwa zimegeuka njia za mkato. Kwenye Mint folda halisi zilizofichwa mara nyingi zinaonekana tayari, zisipoonekana bonyeza Ctrl+H, na kando yake utakuta faili za .lnk na .vbs. Futa hizo faili za .lnk na .vbs, si folda, kabla ya kumrudishia mwenyewe flashi yake: kwako zimelala, kwake zitaamka.