Kitasa cha kidole: kipi uchukue, kipi ukiache hukohuko dukani

Siku hizi kila duka la vifaa vya ujenzi lina kitasa cha alama za vidole na ukimuuliza muuzaji jibu ni moja tu, hiki hakidanganyiki mkuu. Sawa, sasa kabla hujatoa hela tafuta ule mtihani wa MythBusters, kile kipindi cha Discovery Channel cha Marekani, ni wa 2006 lakini bado una maana sana kwa mnunuzi. Jamie Hyneman na Adam Savage walichukua kitasa cha mlango ambacho kilisifiwa kwamba hakijawahi kudanganywa, eti kinaangalia mpaka mapigo ya moyo na joto la kidole na jasho. Wakatengeneza nakala ya alama kwa mpira wa lateksi, mlango ukafunguka. Wakatengeneza ya jeli, ukafunguka. Halafu mwisho kabisa kikaratasi tu kilichotolewa kopi, mtu akakilamba kikapata unyevu akakibandika kwenye sensa, yaani ile sehemu inayosoma kidole, na chenyewe kikafungua jamani! Karatasi!

Na sio kwamba walibahatisha. Miaka minne kabla, 2002, Japani kule Yokohama profesa Tsutomu Matsumoto na wenzake walikuwa wameshatengeneza vidole vya jelatini, hiyohiyo inayowekwa kwenye pipi za jeli, wakavijaribu kwenye mashine 11 za aina tofauti na matokeo hayakuwa mazuri kwa watengenezaji. Simu nazo hazijapona, iPhone 5s ilipotoka Septemba 2013 ile Touch ID yake, sehemu ya kufungulia simu kwa kidole, ilidanganywa na Chaos Computer Club, kundi la wadukuzi wa Ujerumani, ndani ya siku chache tu.

Kwahiyo usimuulize muuzaji kama kinadanganyika, vyote vinadanganyika. Jiulize nani atakuja kukidanganya kwako. Mwizi wa usiku haji na jelatini bwana, anakuja na nondo anavunja dirisha. Wa kutengeneza nakala ya kidole chako ni mtu anayeshika glasi uliyonywea maji, yaani mpangaji mwenzako, mfanyakazi wa ofisini, shemeji anayekaa sebuleni, na huyo ana muda wa kutosha. Mimi nimevipanga kwa kumfikiria huyo.

Namba moja ni kitasa chenye sensa ya kapasita (wengine wanaiita ya semikondakta) ambacho pia kinakuruhusu kuweka kidole NA namba ya siri kwa pamoja, sio kimojawapo. Hii sensa haipigi picha, inapima umeme mdogo kwenye mikunjo ya ngozi kwahiyo kopi ya karatasi haiisumbui sana, ingawa jelatini ina maji na inaweza kuidanganya, ndio maana nasisitiza namba ya siri. Aliyeiba alama yako bado ataganda mlangoni. Shida yake ni kwamba wauzaji wengi hawajui kama kitasa chao kina hiyo hali ya hatua mbili au hakina, kwahiyo omba kile kitabu cha maelekezo usome mwenyewe palepale kaunta.

Namba mbili, sensa ileile ya kapasita lakini unachagua kidole au kadi au namba au ufunguo, chochote kimoja kinafungua. Kwa chumba na kwa nyumba ya familia kinatosha. Ila angalia tundu la ufunguo limefichwa wapi na silinda yake, ile sehemu ufunguo unapozungukia, ikoje, maana vingi vimewekewa silinda nyepesi ya bei chee na fundi yeyote wa funguo anaifungua bila kugusa kidole cha mtu.

Namba tatu, vya sensa ya mwanga, hivi ndio vinavyopiga picha ya kidole. Utavijua, kioo kidogo kinachowaka taa chini yake ukiweka kidole, wakati ya kapasita huwa ni kibao cheusi kikavu. Sisemi ni takataka, kwa stoo ya mifagio sawa, ila mlango mkuu hapana.

Mkiani nimeweka makufuli ya kidole, yale ya kuning'inia. Hapa hata kidole hakihitajiki. 2018 kuna kufuli linaitwa Tapplock, lilikuwa dola 99, wataalamu wa Uingereza wa Pen Test Partners walilifungua kwa bluetooth ndani ya sekunde 2 kwa sababu ufunguo wake wa siri ulikuwa unatokana na anwani ya bluetooth ambayo kufuli lenyewe linaitangaza hewani kwa kila mtu, yaani linakutajia siri yake lenyewe. Kwa hela hiyo chukua kufuli zito la kawaida la chuma.

Ukiwa dukani jaribu kwa kidole kikavu, kilicholowa na chenye mafuta. Kama nyumbani kuna fundi ujenzi au mama anayefua sana mlete naye ajaribu, mikono ya kazi alama zake zinafutika na mashine inamkataa kila siku mpaka mnaamua kuacha mlango wazi, ambayo ni hasara kuliko kutokuwa na kitasa. Angalia pia chini kama kuna sehemu ya kuchomeka pawabenki au kugusisha betri ya volti 9, betri za ndani zikiisha uko nje ndio utajua umuhimu wake.

Na kikishafungwa mlangoni usimruhusu fundi aondoke hivihivi. Kikiwa kipya vingi vinafunguka kwa kidole cha mtu yeyote mpaka usajili msimamizi, na fundi akijaribu huwa anasajili kidole chake yeye. Futa vyote, badilisha ile namba ya siri iliyotoka nayo kiwandani, anza na chako.