Msumeno wa mkono kwa mtu asiye fundi: upi ununue kwanza

Kama unakata mbao mara mojamoja tu, kwa kazi kama kutengeneza shelfu ya jikoni, kufupisha mlango unaokwaruza sakafu au kubadilisha chaga za kitanda, nunua msumeno wa kawaida wa mkono wa inchi 18 au 20, wenye meno yaliyokomazwa kwa moto, meno 8 hadi 10 kwa kila inchi. Huo nauweka nafasi ya kwanza bila kusitasita, na watu wengi hawatahitaji mwingine.

Sababu iko kwenye mbao zenyewe. Mbao tunazonunua mitaani ni msonobari, saiprasi na mkaratusi, na mara nyingi zinauzwa zikiwa bado mbichi. Mbao mbichi hulibana bapa la msumeno katikati ya kazi. Ndiyo maana meno hutanuliwa, moja kushoto na jingine kulia, ili njia yake iwe pana kuliko bapa. Halafu kuna mbao za kuokoa: zilizotumika kumwagia zege, ambazo zimejaa saruji na mchanga, na za paleti, ambazo misumari yake haionekani mpaka umeigonga. Msumeno wenye meno yasiyokomazwa ukikutana na hizo, makali yanaondoka siku hiyohiyo.

Meno yaliyokomazwa yanavumilia zaidi. Kiwandani ncha zake hupashwa joto kali kwa muda mfupi sana kisha hupozwa ghafla. Utayatambua kwa rangi nyeusi au ya bluu iliyokolea kwenye ncha, wakati bapa lote linang'aa. Yanakaa na makali muda mrefu, hata kwenye plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), ambazo gundi yake inakula meno haraka. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: tupa haiyashiki. Yakiisha makali, msumeno umeisha. Kwa seremala anayekata kutwa nzima hiyo ni hasara. Kwa wewe unayekata mara chache kwa mwaka ni nafuu, kwa sababu mnoaji mzuri wa misumeno hapatikani kila mtaa.

Idadi ya meno usiichukulie kirahisi. Msumeno wa meno 8 kwa inchi una jino moja kila milimita 3 hivi. Kwenye ubao wa inchi moja, karibu meno 8 yanafanya kazi kwa pamoja, na msumeno unatembea vizuri. Kwenye plaiwudi ya milimita 6 ni meno mawili tu yanayogusa, kwa hiyo yanakwama na kuchana ukingo. Kanuni ya mafundi ni kwamba angalau meno matatu yawe ndani ya unene wa mbao. Ukiwa na msumeno mmoja tu na una plaiwudi nyembamba, ulaze msumeno karibu ulale kabisa ili meno mengi zaidi yaguse, bandika seloteipu juu ya mstari, na weka kipande cha mbao ya taka chini yake.

Kuhusu majina: Stanley, Bahco, Irwin na Spear & Jackson ni ya zamani na yanaaminika. Bahco 244, yenye inchi 22 na meno 7 hadi 8, ni nzuri sana kwa mbao za mbili kwa nne na kazi za paa, ila ni ndefu kidogo kwa mtu anayekatia juu ya stuli. INGCO na Total za China zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki kwa bei ya chini zaidi, na kwa matumizi ya nadra zinatosha. Tofauti ya pesa ikiwa kubwa, mimi ningechukua hizo na kununua mraba mzuri wa kuchorea mstari na kupima pembe kwa chenji iliyobaki, maana mstari uliopinda hauokolewi na msumeno wa bei.

Usinunue msumeno ukiwa ndani ya kava. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niutoe niuone." Vua plastiki ya meno, inua msumeno usawa wa jicho na uangalie kuanzia kwenye mpini mpaka ncha. Bapa liwe limenyooka kabisa, na meno yaonekane kama mistari miwili iliyo sawa, kulia na kushoto. Jino moja likitoka nje kuliko wenzake litachora mfereji kwenye kila ubao utakaokata. Kisha pinda bapa taratibu kuelekea kwenye mpini na uachie. Likirudi limenyooka, chuma ni kizuri. Likibaki na tao hata dogo, rudisha ulete mwingine, na ukiona wote wako hivyo, toka dukani. Mwisho shika mpini kama unayekata: kidole cha shahada kinanyooka kando kuelekeza bapa, vidole vitatu vinakaa ndani bila kubanwa, na mpini hauchezi kwenye skrubu zake. Mpini unaocheza dukani utaachia nyumbani.

Nafasi ya pili ni msumeno mfupi wenye mgongo wa chuma, inchi 12 au 14, meno 11 hadi 13. Mgongo ule unalizuia bapa lisiyumbe, kwa hiyo mkato unatoka mnyoofu na msafi. Ukianza kuunga fremu, droo au miguu ya meza kwa ulimi na tundu, huu ndio unaoutaka. Hauwezi kuwa wa kwanza kwa sababu mgongo huohuo unauzuia kuzama: ubao mpana ukiufikisha katikati, umegota.

Ya tatu naipa misumeno ya zamani ya kunoleka, hasa ya mtumba. Spear & Jackson ya Sheffield imekuwepo tangu 1760, na Disston ilianzishwa Philadelphia mwaka 1840, na bapa zao za zamani ni chuma ambacho bado kinafanya kazi. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa na mafuta. Vishimo vya kutu karibu na meno havitoki, achana nao. Utahitaji tupa ya pembe tatu na subira, au fundi wa kukunolea. Ukiwa karibu na mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, ulizia kwanza nani ananoa kabla hujalipa, kwani msumeno wa kunoleka usio na mnoaji utakaa tu ukutani.

Msumeno wa Kijapani unaokata ukivutwa badala ya kusukumwa nauweka wa nne kwa mazingira yetu. Bapa lake ni jembamba, mkato ni msafi ajabu, na nguvu inayohitajika ni ndogo. Lakini mara nyingi utauagiza, na meno yake membamba hukatika yakikutana na msumari, fundo gumu, au mbao ngumu kama mkongo. Ndugu aliyeko Ulaya au Marekani, anayenunua mbao laini zilizokaushwa, akiupandisha mpaka nafasi ya pili simbishii.

Msumeno wa kukatia chuma usiununue kwa kazi ya mbao, hata kama muuzaji anasema unakata kila kitu. Meno yake, mara nyingi 24 kwa inchi, yanajaa unga wa mbao baada ya misukumo michache na kuanza kuteleza tu. Na kama una kazi ya kupasua ubao mrefu kufuata nyuzi, tuseme moja kwa nane ya futi 12 iwe vipande viwili, peleka kwenye mashine palepale unaponunulia mbao. Meno ya msumeno wa kawaida yamechongwa kama visu vya kukatiza nyuzi. Kupasua kunataka meno yaliyochongwa kama patasi, na bila hayo utatoka jasho mpaka jioni.

Ukishanunua, ongeza mshumaa. Sugua bapa pande zote mbili kabla ya kukata mbao mbichi na utaona linavyoteleza. Ukimaliza, pangusa unga, pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kisha urudishe ile plastiki ya meno, hasa kama unaishi pwani, ambako chumvi ya hewani inaleta kutu upesi.